Onesimo Katika Njia ya Kabambare

Somo la leo lina vitabu viwili. Cha kwanza ni barua ya Mtakatifu Paulo kwa Filemoni, iliyo fupi kuliko barua zake zote. Mtu aweza kuisoma yote kabla ugali haujaiva. Cha pili hakikuandikwa chote katika karatasi. Ni njia ile ya zamani iliyotoka ziwa Tanganyika, ikapita Kabambare, ikafika Kasongo na Nyangwe penye mto Lualaba. Ninyi mkaao Salamabila, na ninyi wa vijiji vya upande wa Kasongo, nchi hiyo mwaijua kwa miguu yenu. Twataka kuvisoma vitabu hivi pamoja, kwa sababu liko neno tunalolitamka kila siku katika sala, na neno hilo halieleweki vema pasipo vyote viwili. Ndilo neno Mkombozi.

Mtoto wa katekisimu akiulizwa kukomboa ni nini, hujibu upesi: ni kuokoa. Hakukosa, lakini hakumaliza. Mtu akitumbukia mtoni tukamvuta kwa mkono, tumemwokoa; hatukumkomboa. Kukomboa ni kutoa mali ili kile kilichoshikwa na mwingine kirudi. Aliyeweka jembe lake rehani hulikomboa siku apatapo fedha. Wazee wa wazee wetu hawakuhitaji kufundishwa maana hiyo, maana waliiona ikifanyika mbele ya macho yao, na bei ilikuwa nguo, chumvi, shanga na baruti.

Yatupasa kwanza kusema jinsi mambo yalivyoanza. Wafanyabiashara wa Zanzibar na pwani walivuka ziwa wakaingia Manyema miaka ile ya baada ya 1860. Walichokitafuta kwanza kilikuwa pembe za ndovu, zilizokuwa nyingi huku na zenye bei kubwa Ulaya na Bara Hindi. Lakini pembe ni nzito, na pwani ni mwendo wa miezi mingi. Nani atazibeba? Hapakuwa na reli, wala gari, na ng'ombe hawakuishi katika misitu hii. Basi pembe ilibebwa na mtu. Na mara nyingi mtu huyo alikuwa ametekwa katika kijiji kile kile pembe ilikotoka. Alitiwa kongwa shingoni, akatembea. Akifika salama, pembe iliuzwa, naye pia.

Wasomaji wa Maandiko watakumbuka hapa habari ya Yosefu, katika sura ya 37 ya kitabu cha Mwanzo. Wale Waishmaeli waliopita karibu na kisima hawakuwa wametoka kwao kwa ajili ya Yosefu. Walikuwa na ngamia waliobeba ubani na manukato, wakienda Misri kuuza. Ndugu zake waliwaona, wakawaza, wakamtoa kisimani na kumwuza kwa vipande 20 vya fedha. Kijana akawekwa pamoja na shehena. Na tuangalie vema: waliomnunua walikuwa wageni, bali waliomwuza walikula naye chungu kimoja. Katika Manyema mambo hayakuwa mbali na hayo. Wako watemi waliotumia bunduki za wageni kulipiza visasi vyao vya zamani, wakalipa kwa mateka. Si vema kusimulia historia kana kwamba uovu wote ulikuja na msafara.

Katika mwaka 1869, mwezi wa Septemba, Mskoti mmoja msafiri, David Livingstone, alifika Kabambare. Alikuwa akizitafuta chemchemi za mto Nile, na alikuwa maskini kiasi cha kusafiri kwa hisani ya wafanyabiashara hao hao ambao biashara yao aliichukia. Mwaka uliofuata alirudi Kabambare mgonjwa, vidonda vikiila miguu yake, akalala hapo kutoka Julai 1870 hata Februari 1871. Kisha alikwenda Nyangwe. Soko la Nyangwe lilikuwa kubwa sana. Wanawake wa pande zote mbili za Lualaba walikuja na samaki, mihogo, chumvi, vyungu na kuku, na hata vijiji vilivyokuwa na ugomvi viliheshimu siku ya soko. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa wafanyabiashara waliingia sokoni na bunduki. Ugomvi ulianza juu ya bei ya kuku mmoja. Wakafyatua risasi kati ya watu. Wengi wakakimbilia mitumbwi, mitumbwi ikajaa ikazama, na maji yakawachukua. Waarabu wenyewe walihesabu waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Habari hiyo aliyoiandika Livingstone ilisomwa Ulaya, ikawasha hasira, na miaka miwili baadaye, 1873, sultani wa Zanzibar alilazimishwa na Waingereza kulifunga soko la watumwa la mji wake. Huku kwetu, hata hivyo, mambo yalikuwa bado kuanza kuwa makubwa.

Maana sasa alikuja Hamed bin Muhammed, ambaye kila mtu wa Kasongo amjua kwa jina la Tippu Tip. Yeye mwenyewe aliandika habari za maisha yake, kwa Kiswahili, na ndani yake mna hadithi ambayo twaomba muisikilize kwa makini. Kabla ya kukaa Kasongo, na kabla ya mwaka 1874, alifika katika nchi ya Utetera, upande wa magharibi, kwa mtemi mzee aitwaye Kasongo Rushie. Alikuwa amepata kusikia kwamba dada za mzee huyo walitekwa zamani na adui zake wa Urua, wasionekane tena. Basi Tippu Tip alimwambia mzee kwamba babu yake, alipokuwa akisafiri Urua, alinunua mwanamke mtekwa, akamfanya suria. Na mwanamke huyo akamzaa mama yake. Kwa hiyo, alisema, mimi ni mjukuu wa dada yako. Mzee alimwamini. Alifurahi kupita kiasi, akampa utawala wa nchi na pembe zote.

Wataalamu wa historia wengi huona ni hila tu, na sisi tunakubaliana nao. Lakini jambo linalotushika moyo si hila ya kijana, bali furaha ya mzee. Miaka mingi ilikuwa imepita. Alikuwa na wake, watoto, watu na nchi. Na bado alikuwa akimngojea dada yake. Mgeni asiyefanana naye kwa sura wala kwa dini alipotaja jina la aliyepotea, alimfungulia milango yote. Ni nyumba ngapi za Manyema zilizongoja hivyo, bila mtu kuja hata kuwadanganya?

Katika Kasongo mji ulikua. Palikuwa na mashamba ya mpunga, mapana sana, na miembe, na nyumba za udongo zenye baraza na milango ya kuchongwa. Watu walioitwa Waungwana, waliovaa kanzu na kubeba bunduki za tajiri wao, wengi wao walikuwa wenyewe watoto waliotekwa zamani. Na lugha yao ndiyo hii. Kiswahili kilipanda kwetu kwa njia ya msafara, nasi leo twasalia ndani yake Baba Yetu. Hatuoni haya kulisema. Yosefu naye alijifunza lugha ya Wamisri akiwa mtumwa, kisha akawapa ndugu zake nafaka kwa lugha hiyo, kwa kinywa cha mkalimani.

Mambo ya vita twayapitia upesi. Mwaka 1887 Tippu Tip alifanywa wali wa Serikali ya Kongo penye maporomoko, mahali paitwapo leo Kisangani. Mwaka 1890 aliondoka kwenda Zanzibar, akafa huko tarehe 14 Juni 1905. Mwanawe Sefu alipigana na Serikali. Majeshi ya Dhanis yaliingia Nyangwe tarehe 4 Machi 1893, na Kasongo tarehe 22 Aprili. Kabambare ilitwaliwa Januari 1894. Vita hiyo iliitwa vita ya kukomesha utumwa, nao utumwa wa misafara ulikoma kweli. Lakini tusidanganyane. Waliotolewa katika minyororo waliandikwa kuwa “waliokombolewa”, kisha wengi wakatiwa katika uaskari au katika kazi za Serikali kwa miaka, bila kuulizwa kama wataka kurudi kwao. Baadaye ukaja mpira, na mateso yake yajulikana. Ngongo Lutete, aliyekuwa mtu wa Tippu Tip kisha akaisaidia Serikali kushinda, alipigwa risasi na maofisa wa Serikali hiyo hiyo Septemba 1893, kwa shtaka lisilokuwa la kweli.

Basi twaona neno letu likichakaa: wakombolewa waliokombolewa kutoka kwa bwana mmoja wakapewa mwingine.

Je, misioni? Ni haki kuuliza, na ni haki kujibu bila kuficha. Kardinali Lavigerie alianzisha shirika la Mapadri Weupe katika Algeria mwaka 1868. Wa kwanza wao walifika Ujiji mwanzo wa 1879, wakavuka ziwa, wakajenga katika Masanze mwaka 1880 na Kibanga mwaka 1883. Mwaka 1885 walipewa Mpala. Vituo hivi vilikuwa ufukoni mwa ziwa, mwishoni mwa njia ile ile ya Kabambare. Mapadri waliona watoto wakipita, wagonjwa na wenye njaa, wakatoa nguo wakawanunua. Mwaka 1888 Lavigerie, mzee mwenye ndevu nyeupe, alizunguka Ulaya akihubiri juu ya mambo hayo: Paris tarehe 1 Julai, London mwisho wa mwezi huo, Brussels tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni. Papa Leo wa 13 alikuwa amemtuma.

Kazi ile ilikuwa njema, na watoto wengi walipona kwa ajili yake. Hata hivyo ilikuwa na maumivu ndani yake. Nguo aliyolipwa mwuzaji ilimpa nguvu ya kwenda kuteka tena. Mapadri wenyewe walilijua jambo hili. Tena, mtoto aliyenunuliwa hakurudishwa kwa mama yake: mara kijiji kilikuwa kimeteketezwa, mara kilikuwa mbali, mara mtoto hakukumbuka hata jina lake. Akalelewa katika misioni, akapewa shamba na mke wa misioni, chini ya amri ya padri. Alikombolewa, lakini alikuwa wa nani? Swali hilo si la matusi. Ni swali lile lile lililomfanya Paulo aandike.

Tutaje mmoja aliyelijibu kwa maisha yake. Adrian Atiman alizaliwa yapata mwaka 1866 karibu na mto Niger, katika nchi iitwayo sasa Mali. Alitekwa angali mtoto, akavushwa jangwani, akakombolewa na Mapadri Weupe katika Algeria. Walimpeleka Malta kusoma utabibu. Mwaka 1889 alifika Karema, ng'ambo ya mashariki ya ziwa Tanganyika, mahali asipopata kupaona, penye watu wasio wa kabila lake. Alikaa hapo akitibu watu na kufundisha dini hata kufa kwake mwaka 1956, zaidi ya miaka 60. Alioa huko, na mwanawe Yosefu akawa padri. Watu wa Karema hawakumwita mtu wa misioni aliyenunuliwa. Walimwita daktari wao.

Sasa tufungue barua. Paulo ni mzee, tena yu kifungoni. Amekuja kwake Onesimo, mtumwa wa tajiri Mkristu wa Kolosai aitwaye Filemoni. Onesimo amemkimbia bwana wake, na yaelekea amemtia hasara. Gerezani amempokea Kristu, na Paulo amempenda kama mwana aliyemzaa katika minyororo. Jina Onesimo kwa Kigiriki ni kama kusema “wa kufaa”. Wenye watumwa walipenda kuwapa majina ya namna hiyo, kama mtu ampavyo jina mbwa mzuri wa kuwinda. Paulo alichezea jina hilo kidogo: huyu zamani hakukufaa, asema, bali sasa atufaa wewe na mimi.

Kisha aandika mambo mawili. La kwanza, Filemoni ampokee, wala si kama mtumwa tena, ila kama ndugu mpendwa, naam, kama angempokea Paulo mwenyewe. La pili, kama Onesimo anadaiwa kitu, deni liandikwe juu ya Paulo. Naye atwaa kalamu na kuandika ahadi hiyo kwa mkono wake mwenyewe, kama mtu atiaye sahihi katika hati. Hapa ndipo twakuta kukomboa kuliko kamili. Mali itatolewa, lakini aliyetoa mali hajipatii mtumwa. Anampatia Filemoni ndugu. Bwana wetu alitukomboa hivyo, kwa bei ya damu yake, akatupeleka kwa Baba tukawe wana.

Mtu wa baraza ataweza kutuuliza: mbona Paulo hakusema waziwazi kwamba ni haramu mtu kummiliki mtu? Sisi nasi twatamani angalisema. Katika karne ya nne Mtakatifu Gregori wa Nisa alisimama kanisani akawauliza wenye watumwa ni bei gani wawezayo kulipa kwa mfano wa Mungu. Lakini waliomsikiliza walikuwa wachache, na Wakristu waliendelea kununua na kuuza kwa karne nyingi. Katika nchi hii yetu, upande wa bahari ya magharibi, mfalme Afonso wa Kongo, aliyebatizwa mwaka 1491, alimwandikia mfalme wa Ureno mwaka 1526 akilalamika kwamba Wareno, Wakristu wenzake, wanawateka watu wake, hata jamaa zake. Ingawa yeye mwenyewe alikuwa ameuza mateka wa vita. Na Papa Leo wa 13 alipowaandikia maaskofu wa Brazil kulaani utumwa, tarehe 5 Mei 1888, zilibaki siku nane tu sheria ya nchi ile iufute. Barua ya Filemoni ilikuwa imesomwa makanisani miaka elfu moja na mia nane.

Kwa hiyo, ndugu, asitokee mtu akalitwaa somo hili na kumtupia jirani yake Mwislamu. Waislamu wa Kasongo na Kabambare wa leo wengi ni wajukuu wa waliotekwa kama wajukuu wa wengine, nasi tunakaa nao, tunazika pamoja, tunaoana. Mwenye kutaka kuhesabu dhambi aanze na chungu cha kwao.

Na tufike penye jambo lenyewe. Liko neno ambalo katika vijiji vyetu halisemwi mchana. Husemwa jioni, pakiwa na ugomvi wa shamba, au wa kiti cha mzee wa ukoo, au siku ya kuleta mahari: “Yule? Babu yake alinunuliwa.” Walionunuliwa wamekufa, waliowanunua wamekufa, nguo iliyolipwa imeoza, bali neno li hai, nalo laweza kuvunja uchumba wa vijana waliobatizwa siku moja. Sisi tunaoandika masomo haya tumelisikia hata katika nyumba zenye msalaba ukutani. Katekista asomaye somo hili na asimame kidogo hapa, awaache watu waseme, na asiogope kimya kikiwa kirefu.

Tena, katika miaka hii ya vita mashariki mwa nchi yetu, watu wamechukuliwa njiani na wenye silaha, na jamaa zao wakaletewa bei. Mama ameuza mbuzi na shamba, akamkomboa mwanawe. Hao hawahitaji kuelezwa neno Mkombozi. Lakini watoto wengine, waliopitishwa msituni na kubebeshwa mizigo au bunduki, wakirudi, husemwa kwa jina la kundi lililowateka, kana kwamba wangali mali yake.

Onesimo alirudi Kolosai kwa miguu yake. Katika barua kwa Wakolosai Paulo asema kwamba alisafiri pamoja na Tikiko, na kwamba ni mmoja wao. Barua kwa Filemoni haikuandikwa kwa Filemoni peke yake: yamtaja Apia, na Arkipo, na kanisa likutanalo nyumbani mwake. Yaani ilipasa kusomwa mbele ya watu, wenyeji wamekaa, na watumwa wengine wa nyumba ile wakisikiliza penye mlango, na Onesimo amesimama hapo hapo, vumbi la njia likiwa bado miguuni pake. Jibu la Filemoni halikuandikwa. Lakini barua ilitunzwa, haikuchomwa moto. Na yapata miaka 50 baadaye Mtakatifu Ignasi, akipelekwa Roma kuuawa, alimtaja kwa upendo askofu wa Efeso aliyeitwa Onesimo, ambaye mapokeo ya wengi yamemhesabu kuwa ndiye.

Liko ombi moja dogo karibu na mwisho wa barua, ambalo wasomaji wengi hulipita. Baada ya kusema yote juu ya Onesimo, Paulo amwomba Filemoni amtayarishie chumba cha wageni, kwa maana atumaini kufunguliwa, naye atakuja kuwatembelea.